Chepe linasumbua? Lisome kwanza kabla hujanunua jingine

Mi nakodisha vifaa vya ujenzi hapa Nyegezi, Mwanza, machepe, matoroli, karai, mitaimbo, na kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni vitu vinaanza kurudi, mi nakaa juu ya ndoo nimeigeuza nakagua kimoja kimoja kabla sijamrudishia mtu kitambulisho chake. Toroli bovu utalijua tu, tairi imelala. Chepe ndo lina siri. Linarudi zima kabisa kwa macho, unaliegesha ukutani, kesho yake mteja mwingine analisokomeza kwenye mchanga mara moja tu na mpini unabaki mkononi, bati liko kwenye lundo, afu anarudi kudai hela yake mbele ya watu.

Basi ikabidi nijifunze kuyasoma. Na nilichokiona ni kwamba chepe mara chache sana linafia kwenye bati, linafia shingoni, na anayeliua kwa kawaida hajui kama ameliua, anasema "lilikuwa feki". Yapo mafeki, sibishi, ila mengi niliyozika hayakuwa feki.

Majina kwanza tusije tukapishana. Wewe ukiita koleo au beleshi tunaongea kitu kimoja. Bati ni bamba la mbele linalobeba mzigo. Shingo ni pale bati linapojikunja likawa kama bomba, mpini unaingia humo. Ribiti ni ile pini iliyogongwa vichwa pande zote, inapita kwenye shingo na mpini. Juu kunakuwa na kishikio cha umbo la D au hamna kitu, mpini mrefu tu. Basi, hamna kingine.

Mpini unacheza, ukitikisa unasikia kok kok

Hii ndo kesi ninayoipata kuliko zote. Shika shingo kwa mkono mmoja, mpini kwa mkono mwingine, zungusha kama unakamua nguo. Ukizunguka hata kidogo, tatizo lipo, usisubiri lizungumze zaidi.

Sababu ya kwanza ni mti mbichi. Mipini mingi ni mkaratusi uliokatwa juzi, umechongwa, umepigwa vanishi inang'aa, siku unanunua umebana vizuri kabisa. Mti ukikauka unasinyaa, chuma cha shingo hakisinyai, kwa hiyo nafasi inatokea katikati. Ndo maana chepe ulilonunua masika likiwa imara linaanza kucheza Juni Julai kiangazi kikishika. Sababu ya pili ni ribiti kulika au tundu la ribiti kwenye mbao kupanuka likawa kama yai. Sababu ya tatu ni kuoza, maji yameingia shingoni yakakaa.

Sasa dawa ambayo kila mtu anaijua, na wazee wetu walitufundisha hivyo hivyo kwenye majembe, ni kulitumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi limebana kama limepigwa gundi, unafurahi. Ila angalia kinachotokea humo ndani, mbao inavimba, chuma hakiipishi, nyuzi za mbao zinajisaga zenyewe, halafu ikikauka inasinyaa inakuwa ndogo kuliko ilivyokuwa mwanzo, unaloweka tena, inazidi kuwa ndogo. Ni mkopo wa kausha damu, unakutoa leo unakumaliza mwezi ujao. Kama mko katikati ya kazi na zege linasubiri loweka mmalize siku, lakini jioni hiyo hiyo ulirekebishe.

Kurekebisha kwenyewe: saga kichwa kimoja cha ribiti kwa tupa au grenda, itoe kwa kugonga na msumari mnene uliokatwa ncha, chomoa mpini. Uangalie ule mwisho uliokuwa ndani. Ukiwa mweusi na ukiuchokonoa unatoka kama unga, kata hicho kipande chote mpaka ukutane na mbao nyeupe safi, chonga upya taratibu kwa kipande cha chupa au tupa ya mbao, unajaribu unachonga unajaribu. Alama nyeusi za kutu zinakuonyesha inapogusa, chonga hapo tu. Usichonge kote kwa hasira.

Kuukaza wengi wanakosea, wanaliweka bati sakafuni wanaupigilia mpini kwa juu, bati linapinda mdomo. Fanya hivi, shika mpini kwa mkono mmoja bati likining'inia chini bila kugusa kitu chochote, halafu gonga kichwa cha juu cha mpini kwa nyundo ya mbao. Bati litakuwa linapanda lenyewe kidogo kidogo kila ukigonga, kwa sababu ni zito na linagoma kushuka na mpini. Mara ya kwanza kuona unaweza kudhani ni mazingaombwe. Likigoma kupanda zaidi, toboa kwa drili kupitia tundu la zamani, weka bolti yenye washa pande zote mbili na nati ile yenye plastiki ndani isiyolegea kwa kutikisika. Kwenye mpini wenye kishikio cha D cha plastiki usigonge kishikio, kitapasuka, huo fungua kwanza au mpelekee fundi.

Msumari usiweke. Najua kila site kuna chepe lenye msumari. Msumari unapasua mbao kufuata nyuzi, halafu ncha inatokeza upande wa pili na siku moja inamchana mtu kiganja. Mi chepe likirudi na msumari ambao sikuuweka mimi, nakata hela.

Mpini unakatika palepale kila ukibadilisha

Ukishabadilisha mpini wa pili kwenye bati lile lile, acha kulaumu mti, kuna mtu anapenyeza mawe.

Hapa ni Mwanza bwana, jiji la miamba, ukichimba msingi Mkolani au Mabatini ukafika nusu mita hujagonga jiwe ujue una bahati yako. Sasa kijana anagonga jiwe, badala ya kwenda kuchukua mtaimbo anasokomeza ncha ya chepe chini ya jiwe analalia mpini. Piga hesabu, chepe lote lina mita moja na robo, likiegemea ukingo wa shimo robo mita kutoka kwenye ncha, upande wako imebaki mita nzima. Ukilalia kwa kilo 40 ile ncha inasikia kilo 160, na nguvu zote hizo zinapita shingoni, mahali pembamba kuliko pote. Chepe limetengenezwa kubeba na kukata, kung'oa siyo kazi yake. Mtaimbo upo, na mi nakodisha, wala sio bei.

Kuna jamaa alinirudishia vipande viwili kasema limekatika lenyewe alikuwa anazoa mchanga tu. Nikageuza bati, kwenye ncha kuna mkwaruzo mweupe wa jiwe mrefu kama kidole, na shingo imelala kidogo kushoto. Mchanga gani huo unaokwaruza hivyo. Nikamwonyesha kwa kidole bila kusema kitu, akacheka, akalipa.

Kipande chenyewe pia kinasema. Ukikuta mpasuko mrefu wenye vibanzi vibanzi kama muwa uliotafunwa, mti ulikuwa mzuri, ulizidiwa tu, kwa hiyo kosa ni la mtumiaji. Ukikuta umekatika mfupi safi kama muhogo, puu, basi mti wenyewe ulikuwa na kasoro, ama nyuzi zinakatiza mpini badala ya kwenda nao, ama kuna jicho la tawi hapo hapo, ama umeoza. Hiyo ni kosa la muuzaji, au la kwako uliyenunua bila kuangalia.

Kuangalia ni hivi. Lenga mpini kama unalenga bunduki uone kama umenyooka. Halafu fuata mistari ya mti kwa kidole kuanzia shingoni, mstari mzuri unatembea na mpini mpaka juu, mstari mbaya unatoka nje ubavuni baada ya shubiri moja au mbili, na pale unapotokea ndipo patakapokatika. Jicho la tawi likiwa juu karibu na kishikio sio shida sana, likiwa theluthi ya chini achana nalo. Na mpini uliopakwa rangi nzito nyekundu au bluu mi siugusi, kwani wanaficha nini.

Mdomo wa bati unajikunja, au bati zima linayumba

Hapa mara nyingi sababu ni mbili, unene au umbo.

Unene tunausoma kwa geji kama mabati ya paa, na watu wa hapa geji wanaijua vizuri sana, hakuna anayekubali kuuziwa geji 32 kwa bei ya 28. Namba ikiwa ndogo chuma ni kinene. Kwa chepe la kazi nzito unataka geji 14, karibu milimita 2. Geji 16 ni kama milimita moja na nusu, hilo ni la bustani, mbolea, pumba, takataka za uani, kazi nyepesi. Shida machepe mengi dukani hayajaandikwa kitu. Basi chukua mawili ya ukubwa sawa uyapime mikononi, moja litakuwa zito, halafu weka ncha kwenye sakafu ya duka uegemee taratibu ukiangalia bati, sio mdomo tu, bati. Likinesa kama karatasi mrudishie. Geuza nyuma pia uone kama kuna mgongo, ule mkunjo unaoshuka kutoka shingoni kwenda katikati ya bati, unavyoshuka mbali ndivyo bati linavyopata nguvu. Bati bapa tupu lisilo na mgongo hata likiwa nene litakunja.

Umbo ndo kuna uzembe. Lenye mdomo bapa ni la kuzoa, kuchanganya zege, kukwangua sakafu. Lenye ncha ni la kuingia ardhini. Watu wananunua moja wanafanyia yote, na wengi wananunua bapa kwa sababu linabeba mchanga mwingi, halafu wanaenda kuchimbia nalo mtaro, kona zinajikunja moja baada ya nyingine, lazima.

Na udongo wetu sio mmoja. Wasukuma wana majina ya udongo kwa kila hatua ya mteremko na hayo majina yana faida kwenye mambo haya kuliko unavyofikiri. Luseni, ule mchanga mchanga wa juu karibu na miamba, chepe bapa linatosha kabisa. Mbuga, mweusi wa bondeni, unahitaji ncha yenye makali na bati jembamba kidogo, maana unanata. Ibambasi, ule mgumu kama saruji unaoukuta mteremkoni kati ya huo wa juu na huo wa bondeni, usipeleke chepe lolote, anza na sururu ndo chepe lije kuzoa. Nusu ya mabati yaliyojikunja hapa kwangu yametokea kwenye ibambasi.

Lililojikunja kidogo unaweza kulinyoosha, liweke juu ya kipande cha reli au jiwe bapa, gonga kwa nyundo kutoka ndani ya mkunjo kwenda nje, taratibu, bati likiwa baridi. Likijikunja mara ya tatu sehemu ile ile chuma kimechoka, kitapasuka.

Bati limepasuka

Nyufa zinaanzia sehemu mbili, kwenye tundu la ribiti au pale shingo inapoanza kuwa bati. Nyufa ya kwanza huwa nyembamba kama unywele, ipo chini ya tope, ndo maana chepe lisilooshwa haligunduliki mpaka limekatika.

Watu wanakimbilia kuchomelea. Sawa, ila kuna mambo matatu mafundi wengi wanayaruka. Kwanza mpini utolewe, la sivyo mbao inaungua ndani ya shingo, nje unaona umepona, ndani kuna mkaa. Pili, mwisho kabisa wa ufa utobolewe katundu kadogo kabla ya kuchomelea, hako katundu kanazuia ufa usiendelee, maana ufa unasafiri kwa sababu mwisho wake ni mkali kama wembe, ukiuwekea duara unakosa pa kushika. Tatu, akimaliza asitumbukize kwenye maji ili lipoe haraka mkaondoke. Chuma cha chepe ni kigumu, ukikipasha moto ukakipoza ghafla kinakuwa kama glasi, kinapasuka pembeni kidogo ya weldi, na wewe utasema fundi hajui kuchomelea wakati weldi yenyewe iko nzima. Liache lipoe lenyewe.

Na hata ukifanya yote hayo, lile eneo lililopata moto halitakuwa kama zamani. Chepe langu lililochomelewa nalishusha cheo, halikodishwi kwa zege tena, linaenda kwa wanaozoa mchanga au taka.

Chepe limekuwa zito, mzigo hautoki

Kama ni kwenye zege jibu ni moja, hamkuosha. Saruji inaanza kushika ndani ya saa moja hadi mbili tu hivi, na jua la Mwanza la saa saba unaweza kukuta hata mapema zaidi. Jana kimebaki kitabaka chembamba, leo kingine juu yake, kitabaka kinashika kitabaka, baada ya wiki umebeba kilo nzima ya zege ambayo haiendi popote, unainyanyua unaishusha mara mia nne kwa siku bure.

Mi nina pipa nimelikata nusu, nimejaza mchanga mkavu nimeumwagia oil kidogo. Chepe likirudi linaoshwa kwa maji na brashi, linapanguswa, linachomwa kwenye ule mchanga mara tatu nne. Mchanga unasugua, oil inabaki juu juu. Dakika moja. Kwenye site hata mchanga mtupu na maji vinatosha, ila iwe mkishamaliza kumwaga, sio mkishamaliza kula. Osha na nyuma ya bati, kwenye lile shimo la mgongo karibu na shingo, hapo ndo kiota cha zege.

Lililokwisha ganda, pindua ugonge mgongo wa bati kwa nyundo ndogo, zege linang'oka vipande kwa sababu bati linatikisika na zege halipindi. Usichimbue na patasi upande wa ndani, kila mkwaruzo ni mahali papya pa kushika. Kuna wanaomwagia asidi ile kali ya kusafishia tailizi. Inafanya kazi kweli, inakula zege na inaanza kula chuma, usipoisafisha vizuri kesho chepe lina rangi ya chungwa, na mvuke wake ukiuvuta ni hatari kwa mapafu. Sipendi.

Kama ni tope la mbuga au mfinyanzi wa mtaroni, kile kipindi cha mvua za Machi mpaka Mei mitaro imejaa na Mto Mirongo umeleta kila kitu, hapo hata chepe safi linanata. Sababu ni maji, tope na bati laini vinashikana bila hewa katikati kama glasi mbili zilizoloa. Dawa ya haraka ni ndoo ya maji pembeni, unachovya kila baada ya kuchota mara mbili tatu. Dawa nyingine nimeipata kwa mdogo wangu na hiyo ina stori yake.

Mdogo wangu alienda kusoma Minnesota, kule Marekani kwenye baridi, na mwenye nyumba akamkabidhi chepe la theluji. Akanitumia picha. Pana kama sinia la pilau, la plastiki, jepesi, nikamjibu hicho ni kitu cha kuchezea watoto. Akanicheka, na alikuwa sahihi. Lita moja ya zege bichi ni kama kilo mbili na nusu, kwa hiyo chepe letu likibeba lita 5 umeshanyanyua kilo 12 na kitu. Theluji iliyotoka kuanguka mara nyingi ni gramu 50 mpaka 100 tu kwa lita, ikiloa ndo inakuwa nzito mara kadhaa. Ndo maana la kwao ni pana, na wana mengine ya kusukumia tu kama tingatinga, huyanyanyui kabisa. Kila chepe na mzigo wake. Plastiki ile ukiipigia barafu iliyoganda inapasuka, wanakuwa na chuma kingine cha kubanjulia barafu, yani mtaimbo wao.

Sasa yeye lake lilikuwa linanata mpaka analia. Kumbe alikuwa analilaza ndani karibu na hita, akitoka nalo lina joto, theluji ya kwanza inayeyuka juu yake, halafu inaganda palepale, na theluji nyingine inaikamata hiyo barafu. Bibi mmoja jirani akamwambia aliache nje lipate baridi kwanza, halafu alisugue mshumaa. Likateleza. Nami nikajaribu mshumaa kwenye tope la mbuga hapa, nikasugua bati kavu likiwa limepata jua ili nta iingie. Inafanya kazi, lakini kwa kama nusu saa tu, halafu changarawe zinaisugua yote. Kwa mtaro mfupi inalipa. Kwa kazi ya kutwa rudi kwenye ndoo ya maji.

Na kabla sijasahau, kuna waliokuja kuchukua machepe ya kuondolea magugu maji ufukweni. Msichoke bure, chepe linabeba maji, majani yanaponyoka. Chukueni reke au uma wa meno marefu.

Kiuno kinauma, viganja vina malengelenge

Kiuno, angalia mpini. Simamisha chepe mbele yako, mpini mrefu usio na kishikio ufike kifuani au zaidi kidogo. Ukiishia kitovuni unafanya kazi umeinama kutwa nzima. Mtu mrefu asikubali kupewa lile fupi la D kwa kuchimbia, hilo ni la kuzoa karibu, sehemu zenye nafasi finyu. Halafu mkono mmoja uwe chini karibu na shingo, mzigo uwe karibu na mwili, na ukitupa geuza miguu sio kiuno peke yake. Kwenye milima yetu hii ambako lori linamwaga mchanga chini barabarani na nyumba iko juu kwenye mawe, nawaona vijana wanarusha kwa kujinyonga kiuno kupandisha ngazi moja moja, ukifika miaka arobaini utakuja kuniambia.

Malengelenge mengi yanatoka kwenye vanishi. Unashangaa, mpini laini unaumizaje? Jasho haliingii kwenye vanishi, kiganja kinateleza kinajisugua. Ing'oe yote kwa msasa namba 80, malizia na 120, halafu pangusa mafuta ya kitani kama utayapata kwenye duka la rangi, acha yakauke siku kadhaa. Kitambaa ulichopakia usikikunje ukakitupa kwenye kona, mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe, kitandaze nje. Mafuta ya alizeti na ya pamba watu wanapaka, ila yanakauka kwa taabu, mpini unabaki unanata na unashika vumbi. Mpini wenye saruji iliyoganda ni msasa mbaya kuliko wote, na saruji mbichi yenyewe inaunguza ngozi polepole bila wewe kusikia mpaka jioni, kwa hiyo glavu.

Kutu na makali

Kutu sisi wa ziwa tuna nafuu, maji yetu hayana chumvi, ndugu zetu wa Dar na Tanga ndo wanateseka. Brashi ya waya, kausha, pangusa oil. Ukitumia oil chafu vaa glavu, ina uchafu usiotaka kwenye ngozi, na usiipake chepe la bustani ya mboga. Ning'iniza chepe, au liegeshe ukutani mpini chini bati juu, usiliache limechomekwa kwenye lundo la mchanga mbichi usiku kucha, shingo inakunywa maji yote.

Makali, lenye ncha tu. Tupa, upande wa ndani wa bati, mlalo wa kama nyuzi 45, ukiufanya mwembamba sana utajikunja kwenye jiwe la kwanza. Ukitumia grenda gusa uondoe gusa uondoe, ukiona chuma kimegeuka bluu umekiunguza, hapo ugumu umeondoka na hautarudi. Lenye mdomo bapa toa vibanzi tu linyooke, ukilinoa litakuchana sakafu na turubai la kuchanganyia.

Chepe lililorudi silo nililotoa

Hili nalo ni tatizo, wala msicheke. Mteja anachukua zuri asubuhi, jioni site nzima wamebadilishana, anakuletea lenye bati limelika kona. Rangi haisaidii, inafutika kwa mchanga ndani ya siku mbili. Mi nilipeleka yote kwa fundi akaniwekea tone moja la weldi kwenye shingo, chini ya ribiti, upande wa kushoto. Huoni mpaka upitishe kidole. Mzee mmoja alinirudishia, nikapitisha kidole nikakosa tone, nikamwambia baba hili sio langu, akaligeuza geuza akasema "ng'wanawane (yani mwanangu), machepe yote si yanafanana?" Nikamwekea kidole chake kwenye lililokuwa ukutani. Akaondoka, baada ya nusu saa akarudi na la kwangu, lina zege mpaka shingoni.